Maswali ya wasomaji: dawa ya uraibu inayotangazwa ng'ambo na dawa iliyopo Itega

Barua zilizotufikia mwezi huu kutoka Dodoma, Kondoa na Singida zimegusa jambo moja kwa njia tofauti. Wasomaji wamesikia kwamba kampuni za bioteknolojia za nchi za nje zinatengeneza dawa mpya za magonjwa ya ubongo na za kuwatibu waraibu, nao wanataka kujua habari hizo zina maana gani kwao. Anayejibu ni mfamasia mstaafu aliyehudumu katika hospitali za umma za kanda ya kati kwa zaidi ya miaka ishirini. Majina ya waandishi wa barua tumeyaacha kwa ombi lao.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, ninaishi Chang'ombe hapa Dodoma. Mwanangu wa pili alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na baada ya miaka sita akarudi akiwa anatumia unga. Mjomba wake amenitumia habari kwamba kuna kampuni ya Marekani inayotengeneza dawa kutokana na mti wa Gabon, na kwamba dozi moja tu inaondoa uraibu wote. Nimeshauza mbuzi watatu ili nianze kuweka akiba. Je, dawa hiyo nitaipata wapi? Wapo wanaoniambia nimpeleke Mirembe, lakini naogopa maneno ya majirani. Je, nisubiri hiyo mpya?

Marahaba, mama yangu. Pole kwa mzigo huu, na ninakuomba mbuzi waliobaki usiwauze kwa ajili ya dawa hiyo.

Habari uliyotumiwa haikutungwa hewani. Mti huo unaitwa iboga, unaota katika misitu ya Gabon na nchi jirani, na wafuasi wa dini ya jadi ya Bwiti hutafuna magamba ya mizizi yake katika ibada zao. Ndani ya magamba hayo kuna kemikali inayoitwa ibogaini. Mwaka 1962 kijana mmoja Mmarekani, Howard Lotsof, ambaye wakati huo alikuwa mtumiaji wa heroini, aliimeza kwa kutaka kulewa tu, na baadaye akashangaa kuona kwamba hamu ya heroini imemtoka na arosto, yaani mateso ya mwili yanayompata mraibu akikosa dawa, haikumjia. Aliitetea kemikali hiyo kwa maisha yake yote na mwaka 1985 akapata hataza ya Marekani, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, juu ya matumizi yake. Miaka mingi baadaye Deborah Mash, profesa wa Chuo Kikuu cha Miami aliyekuwa akiichunguza ibogaini katika maabara, alianzisha kampuni inayoitwa DemeRx. Kampuni hiyo inashughulika na ibogaini yenyewe pamoja na noribogaini, ambayo ni kemikali inayopatikana pale ini linapoivunja ibogaini mwilini, na inakusudia kuzifanya dawa za kutibu uraibu. Mwaka 2025 jimbo la Texas nalo lilitenga dola milioni 50 kwa ajili ya utafiti wa ibogaini. Kwa hiyo mjomba hakukudanganya kwamba jambo lipo.

Lililokosekana katika habari hiyo ni kwamba mpaka sasa ibogaini haijaidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani kutibu uraibu wa aina yoyote, na kikwazo kikubwa ni moyo. Kemikali hiyo huvuruga umeme unaoongoza mapigo ya moyo, na wapo watu waliofariki baada ya kuimeza katika nyumba zisizo na vipimo wala madaktari. Hatari huzidi kwa mtu ambaye mwili wake umepungukiwa na madini ya potasiamu na magnesiamu, na kijana aliyetapika na kuharisha kwa siku tatu kwa sababu ya arosto ndiye hasa anayekuwa katika hali hiyo. Akitokea mtu wa kukuuzia unga wa mizizi au vidonge na kukwambia ndiyo dawa yenyewe ya Gabon, mkatalie, hata kama ni ndugu.

Sasa nije kwenye swali lako la kusubiri. Usisubiri hata wiki moja. Hapa hapa Dodoma, katika kituo cha Itega kilicho chini ya Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, kuna kliniki inayowatibu waraibu wa heroini kwa methadoni, dawa inayotuliza arosto na hamu ya heroini, na huduma hiyo hutolewa bila malipo. Najua jina la Mirembe linavyotamkwa mitaani kwetu. Hospitali ile imekuwepo tangu mwaka 1927, na kwa muda wote huo watu wa mji huu wamelifanya jina lake kuwa tusi, kiasi kwamba mtoto akikosea hesabu anaambiwa apelekwe Mirembe. Nimewaona wazazi wakiwaficha vijana wao chumbani kwa sababu ya tusi hilo, na wengine waliwatoa chumbani wakiwa wamekwishachelewa. Majirani zako, mama, wameshajua kwamba kijana anatumia unga, kwa maana hali ile haifichiki. Kumpeleka kutibiwa hakutawapa habari mpya.

Siku ya kwanza atahojiwa kwa kina, atapimwa mkojo na damu, na kama ana maambukizi ya virusi vya UKIMWI, homa ya ini au kifua kikuu, atatibiwa na hayo pia. Kisha ataanzishiwa dozi ndogo, mara nyingi isiyozidi miligramu 30, na dozi hiyo itapandishwa polepole kwa siku na wiki kadhaa hadi afike mahali ambapo arosto imenyamaza na hamu imetulia. Ni maji ya kunywa, naye atayanywa mbele ya mhudumu kila siku. Wiki za mwanzo ndizo ngumu, kwa kuwa dozi bado haijatosha na kijana hushawishika kuongezea unga juu yake. Hapo ndipo anapoweza kupoteza uhai, kwa hiyo akikuambia kwamba dawa haimtoshi usimwone mwongo, bali mfuatane kliniki mkaeleze.

Jambo moja zaidi ulikariri. Mtu aliyeacha heroini kwa wiki kadhaa, iwe ni kwa sababu ya jela, safari au nyumba ya upataji nafuu, mwili wake husahau kuistahimili, na akirudia kiasi kile kile alichokuwa akitumia zamani, pumzi yake inaweza kusimama. Ukimkuta mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha sindano, anakoroma au anapumua kwa nadra na hashtuki ukimwita, mlaze ubavu na umkimbize hospitali ukiwaeleza wazi kwamba ametumia heroini. Ipo dawa inayoitwa naloksoni, inayotumika tangu mwaka 1971, ambayo huing'oa heroini kwenye vipokezi vya ubongo, yaani mahali inapojishikiza ili ifanye kazi, kwa dakika chache, lakini daktari atafika kwenye dawa hiyo mapema tu iwapo ameambiwa ukweli mapema.

SWALI: Mimi ni mzazi na mwalimu wa madrasa, Kondoa. Nimesikia kwamba methadoni nayo ni ya jamii moja na heroini, na kwamba mtu anaweza kuinywa kwa miaka. Je, huku si kumhamisha mtu kutoka ulevi mmoja kwenda mwingine, tena kwa fedha za serikali?

Mwalimu wangu, ni kweli kwamba zote mbili zinakwenda kwenye vipokezi vilevile vya ubongo. Sitakuficha hilo, wala wahudumu wa kliniki hawalifichi. Tofauti iko katika mwendo. Heroini ikichomwa sindano hufika ubongoni kwa sekunde, humpandisha mtu juu, na baada ya saa chache humwangusha, ndiyo maana mtumiaji huitafuta mara tatu au nne kwa siku na kati ya mara hizo hana nafasi ya kuwaza jambo jingine. Methadoni ikinywewa hupanda polepole, haileti kishindo, na hubaki mwilini kwa siku nzima na zaidi. Mtu aliyefikia dozi yake sawasawa halewi. Anaamka bila arosto, anakunywa kikombe chake asubuhi, kisha anakwenda kuvuna zabibu au kuendesha bodaboda kama wenzake.

Nadhani hofu yako inatokana na kulitazama jambo hili kama tabia peke yake. Vincent Dole na Marie Nyswander, madaktari wa New York walioanza tiba hii katikati ya miaka ya 1960, walikuwa na hoja kwamba matumizi ya muda mrefu yameubadilisha ubongo wenyewe, na kwamba ubongo uliobadilika hautengenezwi kwa aibu. Utafiti wa miaka sitini umewaunga mkono. Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni, pamoja na buprenofini ambayo ni dawa nyingine ya kutibu uraibu wa heroini, katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, na nchi yetu ilifungua kliniki yake ya kwanza Muhimbili mwaka 2011, ikatangulia nchi nyingi za bara hili. Wanaokaa katika tiba hufa kwa uchache zaidi kuliko wanaoiacha, na huambukizwa virusi vya UKIMWI kwa uchache zaidi kwa kuwa wameachana na sindano za kuchangia.

Kuhusu miaka, wapo wanaopunguza dozi taratibu hadi wakaacha, na wapo wanaohitaji kuendelea kwa muda mrefu sana. Siungi mkono kabisa desturi ya familia kumwekea kijana muda wa miezi sita kisha kumlazimisha aache. Wewe, mwalimu, una sauti inayosikika Kondoa, na ukiwaambia waumini kwamba anayekunywa dozi kliniki ni mgonjwa anayetibiwa, utakuwa umefanya kazi ambayo sisi wa famasi hatuwezi kuifanya.

SWALI: Ninasoma mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Dodoma. Nimekuwa nikifuatilia kampuni za bioteknolojia zinazotafuta dawa za magonjwa ya neva na uraibu. Naona zinaanzishwa kwa matumaini makubwa, kisha nyingi hufungwa au hubadili mwelekeo. Je, tatizo ni sayansi au fedha?

Mwanangu, umeuliza swali ambalo ningetamani wanafunzi wengi zaidi waliulize, na nitalijibu kwa urefu.

Tuanze na kampuni yenyewe ni kitu gani. Usifikirie kiwanda chenye mabomba na malori. Kampuni ya aina hii mara nyingi ni watu wachache wenye molekuli moja au mbili zilizotoka katika maabara ya chuo kikuu, pamoja na hataza inayowalinda kwa miaka 20 tangu siku waliyoiombea. Haina cha kuuza. Inaishi kwa fedha za wawekezaji ambao wamekubali kungoja, na kila matokeo ya jaribio yanapotangazwa, ama inapata fedha za kufika jaribio linalofuata, ama inafunga milango. Jaribio la kwanza huwa na watu makumi kadhaa, nalo huangalia usalama. La pili huwa na mamia, nalo huangalia kama dawa inafanya kazi na kwa dozi gani. La tatu huweza kufika maelfu. Safari yote huchukua zaidi ya miaka kumi kwa kawaida, na kati ya molekuli kumi zinazoingia katika jaribio la kwanza, takriban moja ndiyo hutoka upande wa pili ikiwa dawa iliyoidhinishwa.

Kwa ubongo hali ni ngumu kuliko hapo. Mishipa midogo ya damu ya ubongo imefungwa kwa ukuta wa seli zilizobanana sana, na ukuta huo huzuia molekuli nyingi kupenya. Mwishoni mwa karne ya 19 Paul Ehrlich alipodunga rangi katika damu ya wanyama aliona viungo vyao vikipata rangi huku ubongo ukibaki mweupe. Kinachotulinda dhidi ya sumu ndicho kinachomfungia mlango mtengeneza dawa. Isitoshe, ini unaweza kulichukulia kipande ukakipima, lakini ubongo wa mtu aliye hai haukatwi ovyo.

Kwa uraibu kuna ugumu mwingine tena. Panya anaweza kufundishwa kubonyeza kitufe ili apate kokeini, na dawa fulani ikimfanya aache kubonyeza, mtafiti hufurahi. Lakini panya huyo hajafiwa, hajafukuzwa kazi, wala hana rafiki anayempitia jioni. Dawa nyingi zilizomtuliza panya zimeshindwa kwa binadamu kwa sababu hiyo. Washiriki wa majaribio nao huacha kuhudhuria, na anayeacha huwa mara nyingi ni yule aliyerudia, kwa hiyo hesabu za mwisho hupotoka.

Chukua mfano wa Catalyst Pharmaceutical ya Coral Gables, Florida, kwa kuwa historia yake inagusa pande zote mbili za swali lako. Kampuni hiyo iliichukua vigabatrini, ambayo ni dawa ya kifafa, ili iifanye dawa ya uraibu wa kokeini. Hoja ya kisayansi ilikuwa nzuri. Vigabatrini huzuia kimeng'enya kinachoharibu kemikali ya ubongo iitwayo GABA, na GABA ikiongezeka hupunguza mmiminiko wa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha, ambao kokeini huusababisha. Katika wanyama ilionekana kufanya kazi. Lakini katika watu, jaribio kubwa lililofanywa kwa ushirikiano na taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza uraibu lilitoa matokeo mwaka 2012, na ikadhihirika kwamba waliopewa dawa hawakuacha kokeini zaidi ya waliopewa vidonge vitupu. Dawa hiyo pia ina kasoro ya kuweza kupunguza upeo wa macho kwa pembeni, kasoro ambayo mgonjwa wa kifafa kikali anaweza kuivumilia kwa kupima faida na hasara.

Kampuni haikufa. Iligeukia ugonjwa adimu wa neva unaodhoofisha misuli, unaoitwa Lambert-Eaton, na mwaka 2018 dawa yake ya Firdapse ikaidhinishwa. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 375,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja, ilhali kabla ya hapo wagonjwa wengi walikuwa wakipata dawa ya aina hiyo bure kutoka kampuni ndogo ya familia huko New Jersey. Bei hiyo ilizua hasira nchini Marekani hadi kwenye Seneti. Hapa ndipo unaponiuliza ni sayansi au ni fedha, nami nakujibu kwamba sayansi ndiyo iliyoiangusha molekuli, lakini fedha ndizo zilizoamua kampuni iangukie wapi. Mgonjwa wa ugonjwa adimu ana bima inayolipa. Mraibu mara nyingi hana bima, hana mtetezi, na jamii inadhani amejitakia. Naliona hili kuwa dhuluma, na ndilo linaloeleza kwa nini mpaka leo hakuna dawa hata moja iliyoidhinishwa na mamlaka ya Marekani kwa uraibu wa kokeini au wa methamfetamini, ingawa watafiti wamehangaika kwa miaka mingi.

Wapo waliofanikiwa, nao ni vema uwasome. Alkermes, kampuni inayoshughulika pia na magonjwa ya akili, iliichukua naltreksoni, dawa ya zamani iliyokuwa ikishindwa kwa sababu wagonjwa walikuwa wakisahau au wakikataa kumeza kidonge kila siku, ikaifungia katika chembe ndogo zinazoyeyuka polepole baada ya kudungwa katika msuli wa tako. Sindano moja hudumu mwezi mzima. Iliidhinishwa kwa ulevi wa pombe mwaka 2006 na kwa kuzuia kurudia heroini na jamii yake mwaka 2010. Hawakugundua molekuli mpya. Walitatua tatizo la kusahau, na kwangu mimi mfamasia hiyo ni akili ya hali ya juu.

Kwa upande wa nchi yetu, kumbuka kwamba mataifa yaliyowekwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwemo, yameruhusiwa na Shirika la Biashara Duniani kutolinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Sheria si kikwazo chetu kikubwa kwa sasa. Kikwazo ni ukosefu wa viwanda vyenye uwezo wa kutengeneza vitu kama sindano hiyo ya mwezi mzima. Methadoni yenyewe ilitengenezwa Ujerumani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na haina hataza ya mtu. Kama unatafuta mada ya utafiti wako wa mwaka wa mwisho, anzia hapo.

SWALI: Ninatoka Hombolo. Mume wangu anakunywa kila siku, akikosa mvinyo anakunywa gongo. Nimeambiwa kuna dawa ya kumtilia kwenye chai bila yeye kujua, akinywa pombe anatapika na kuiacha. Je, ni kweli? Na je, nikimfungia ndani asinywe kabisa atapona?

Dada yangu, yote mawili uliyoyataja yanaweza kumuua, kwa hiyo nisome taratibu.

Dawa uliyoambiwa ni disulfiramu. Ni ya zamani, imetumika kwa ulevi tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Huzuia mwili usiisafishe sumu inayotokana na pombe, na sumu hiyo ikijaa mtu hupata joto la uso, moyo hudunda, hutapika, na shinikizo la damu huweza kushuka ghafla. Anayeitumia kwa hiari hujiepusha na pombe kwa kuwa anajua kitakachompata. Asiyejua atakunywa kama kawaida yake, na kama ana moyo dhaifu au ini lililochoka unaweza kumkuta amekufa. Kumtilia mtu dawa kwa siri pia ni kuivunja haki yake, hata kama unampenda.

Na kumfungia ndani ni hatari vilevile. Tofauti na arosto ya heroini, ambayo inatesa vibaya lakini ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya, arosto ya pombe kwa mnywaji mkubwa inaweza kuua. Hutangulia kutetemeka na jasho, hufuata degedege katika siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya tatu mtu anaweza kuchanganyikiwa, kupata homa na kuona wadudu au watu wasiokuwepo. Wengi wetu tumezoea kuliita hilo pepo, na mgonjwa hupelekwa kwa mganga wakati alihitaji dawa za kutuliza neva pamoja na vitamini B1 hospitalini.

Njia iliyo salama ni kumwendea akiwa hajalewa, asubuhi, na kumwomba mwende pamoja kituo cha afya au Mirembe. Akishavuka siku hizo za hatari kwa uangalizi, zipo dawa mbili za kumsaidia asirudie, yaani naltreksoni na akamprosati, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2023. Kuwemo katika orodha hiyo hakumaanishi kwamba utazikuta kila famasi ya mjini, kwa hiyo muulize daktari kabla ya kuzunguka madukani. Naltreksoni hupunguza raha ya pombe, na akamprosati husaidia kuutuliza ubongo uliozoea pombe. Kama anatumia pia dawa za maumivu za jamii ya mofini au tramado, aliseme hilo mapema, kwa kuwa naltreksoni itamletea arosto ya ghafla.

SWALI: Nimepokea ujumbe kwenye simu kwamba kampuni ya dawa ya nje inatafuta Watanzania wa kujaribu dawa mpya ya kuacha bangi na unga. Ninatakiwa kutuma shilingi 85,000 za usajili. Mdogo wangu anaihitaji sana. Je, nitume? Singida.

Usitume. Jaribio halali la dawa halimtozi mshiriki ada hata shilingi moja. Mshiriki hueleweshwa kwa lugha anayoielewa, hutia saini ya ridhaa, na anaweza kujitoa siku yoyote bila kuadhibiwa. Kwa hapa nchini jaribio lolote lazima lipate kibali cha maadili kutoka kwa kamati ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na mamlaka hiyo si dhaifu, kwani mwaka 2018, ikiwa bado inaitwa TFDA, ilikuwa ya kwanza barani Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia ngazi ya tatu ya udhibiti. Mwombe aliyekutumia ujumbe akutajie namba za vibali hivyo viwili na hospitali jaribio linapofanyika. Kisha upeleke ujumbe huo polisi pamoja na namba ya simu.

SWALI: Kaka yangu ana miezi minane kwenye methadoni na alikuwa ametulia kabisa. Mwezi uliopita amegundulika ana kifua kikuu, akaanzishiwa dawa. Tangu wiki ya pili arosto imerudi, usiku halali, anatoa kamasi na kuumwa tumbo. Kliniki anaogopa kusema kwa kuwa atashukiwa kwamba amerudia unga. Sasa anasema methadoni imeisha nguvu na anataka kungoja dawa mpya zinazotangazwa. Tufanye nini?

Nakushukuru kwa kuandika, kwa sababu kaka yako hajakosea na methadoni haijaisha nguvu. Miongoni mwa dawa za kifua kikuu kuna rifampisini, ile inayogeuza mkojo kuwa na rangi ya chungwa. Rifampisini huliamsha ini lizalishe kwa wingi vimeng'enya vinavyovunja dawa nyingine, na methadoni ni mojawapo. Dozi aliyokuwa akiinywa mwezi jana na kumtosha kwa siku nzima, leo inavunjwa haraka na kumwishia kabla ya usiku wa manane. Mabadiliko hayo huanza katika siku na wiki za mwanzo za tiba, sawasawa na ulivyoeleza. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kama efavirenzi na nevirapini, hufanya vivyo hivyo.

Tiba ya hali hii inajulikana, nayo ni kumpandishia methadoni hatua kwa hatua huku akiendelea na dawa za kifua kikuu bila kuruka hata siku moja. Wapo wagonjwa wanaoamua wenyewe kuacha rifampisini ili arosto ipungue, na kifua kikuu chao kinarudi kikiwa sugu. Asifanye hivyo. Wala asijiongezee kitu chochote cha mtaani.

Kuhusu kushukiwa, apimwe mkojo akitaka, na kipimo kitamtetea. Siku atakapomaliza dawa za kifua kikuu, yaani kwa kawaida baada ya miezi sita, nguvu ile ya ini itapungua taratibu kwa wiki chache, na dozi kubwa iliyokuwa ikimtosha itaanza kuwa kubwa mno kwake. Hapo itabidi ishushwe, la sivyo atakuwa anasinzia na pumzi kupungua. Muiandike tarehe hiyo sasa hivi ukutani au kwenye simu. Kesho asubuhi aende Itega akiwa na kadi yake ya kifua kikuu mkononi, aioneshe kabla ya kunywa dozi, na wewe uende naye.